Mwaka wa Mayai Yaliyogoma

Wivu wangu una harufu ya yai viza. Mwezi uliopita nilikaa kiti cha nyuma kabisa katika ukumbi mmoja wa Bunda, kwenye mafunzo ya wafanyabiashara wadogo, na harufu ile ikanijia puani ingawa mbele yangu palikuwa na chupa ya maji na sambusa mbili tu. Aliyesimama mbele alikuwa Nyangeta. Walimwalika kwa sababu karakana anayoiendesha Musoma, ya kutengeneza mashine za kutotolesha vifaranga, inajulikana sasa hadi ng'ambo ya ziwa, na imejulikana kwa maandishi. Nilikuwa sijamwona kwa muda. Alikuwa amenenepa kidogo, kitenge chake kimeshonwa vizuri, na kipaza sauti amekishika kama mtu anavyoshika mwiko. Kijana mmoja mwenye duka la pembejeo pale Manyamanyama akamuuliza swali ambalo naamini nusu ya ukumbi walikuwa nalo. Siku hizi mtu akiwa na shida anaiuliza akili mnemba kwenye simu, inamjibu palepale, wala hafungui ukurasa wa mtu. Sasa mwenye biashara ahangaike na blogu ya nini? Nyangeta akamuuliza yule kijana: mteja wa mwisho aliyemrudia kwa hasira alikuwa na shida gani? Kijana akasema ni mbegu za mahindi zilizokataa kuota kwenye udongo mweusi, baada ya mvua ya siku tatu. Akamuuliza kama aliandika mahali jambo hilo. Hakuandika. "Basi simu nayo haimjui mteja wako," Nyangeta akasema. "Ile inasoma tulichoandika sisi. Haijawahi kunusa yai." Watu wakacheka, wakainamia madaftari. Mimi sikuandika kitu. Nilikuwepo mwaka sentensi ile ilipozaliwa, na kwa wiki tano za mwaka huo nilifanya kila nililoweza isizaliwe.

Niliingia karakana ileile, wakati huo ikiwa ya Mzee Rajabu, nikiwa nimekwisha kupita umri wa kuitwa kijana, lakini nilikuwa bado naishi kama kijana, yaani bila godoro langu mwenyewe. Shule niliiacha kidato cha pili. Tangu hapo nilikuwa nimeuza vitabu vya mtumba, nimechora vibao vya saluni, nimepiga picha za pasipoti, nimechaji simu za watu kwa sola, nimefanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya samaki kwa miezi minne. Popote nilipokaa nilisoma kilichokuwepo: maelekezo ya dawa za ng'ombe, magazeti ya kufungia maandazi, kitabu cha ufundi wa redio kisicho na jalada. Kiingereza nilijifunza hivyohivyo, kwa kuokota. Nilijiona msomi aliyekosa cheti tu. Mzee Rajabu alikuwa seremala, babu zake walitoka Ujiji, na mikononi mwake mbao zilitii. Alinichukua nimfungie nyaya za taa na kile kidude cha kuongoza joto. Alipogundua kwamba naweza kuandika, akaniambia nikae na binti mmoja hapo, tusaidiane kwenye blogu ya karakana, maana mteja wa siku hizi anakujua kwenye simu kabla hajakujua uso. Binti mwenyewe ndiye Nyangeta, Mjita wa vijiji vya rasini kule ziwani, mwimba kwaya, mwenye miaka ishirini na minne, ambaye kabla ya hapo alikuwa akiuza vifaranga sokoni.

Karakana ilikuwa Iringo, mtaa wa Musoma, nyuma ya duka la simenti. Ilikuwa vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na benchi la useremala, vumbi la plaiwudi, na redio iliyofungwa kwa mpira. Cha nyuma kilikuwa na mashine mbili za majaribio zilizonguruma mchana kutwa, meza moja ndefu, na dirisha linaloangalia ukuta. Meza ile ndiyo tuliyolia chakula. Saa saba mama mmoja wa jirani alituletea ugali na sato wa kuchemsha, siku nyingine furu wa kukaanga, na tulikula wanne: Mzee, mimi, Nyangeta, na fundi Athumani, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga msasa na kutania watu. Mimi aliniita Profesa tangu siku ya pili. Tukishanawa, meza ilipanguswa, gazeti likatandikwa, na hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo sijaiona karakana nyingine yoyote.

Kila mteja aliyenunua mashine kwa Mzee Rajabu aliagizwa jambo moja. Siku ya ishirini na mbili, vifaranga wakishatoka, asitupe mayai yaliyobaki. "Niletee yaliyogoma," Mzee alisema, na alilisema kwa namna ya mtu anayedai sehemu yake. Mwanzoni wateja waliona haya. Mtu haoni shida kukuonyesha vifaranga, lakini yai bovu analifukia nyuma ya choo. Hata hivyo walileta, kwenye ndoo, kwenye boksi la sabuni, mengine yakiwa yameanza kutoa povu. Nyangeta alivaa glavu, akayapasua moja moja juu ya gazeti. Hili halikuanza kabisa, halikupata jogoo. Hili lina duara la damu, limekufa siku ya tatu, joto lilipanda. Hili kifaranga mzima mwenye manyoya, amekauka amenata, unyevu haukutosha siku za mwisho. Aliandika kwenye kaunta buku idadi tu, jina la mteja na mahali. Kisha jioni, kabla ya kwenda kwao, alikaa na simu yake akaandika kwenye blogu kilichompata mtu huyo, kama anavyomsimulia jirani. Mimi wakati wa kupasua nilikuwa nakumbuka shughuli nje.

Makala zake nilizisoma kwanza kwa huruma, halafu kwa dharau. Hazikuwa na utangulizi. Moja ilianza hivi: "Mayai yakija na pikipiki kutoka vijijini, usiyaingizage siku hiyo hiyo. Yaweke kwenye trei ncha nyembamba chini, yalale mpaka kesho. Sisi tuliingizaga ya Kiabakari siku ile ile, barabara ilikuwa mbaya, yakagoma kumi na tisa kwenye trei moja. Tulipopasua tukakuta chumba cha hewa, kile cha upande butu, kimeachia." Ikaishia hapo, na picha yenye kivuli cha kidole chake. Mimi nilikuwa naandika makala mbili kwa siku. Nilikuwa na mtambo kwenye simu: unauambia mada, unakupa aya kumi zilizonyooka, unazitia viungo vyako. "Umuhimu wa Teknolojia ya Kisasa katika Ufugaji Endelevu." "Mambo Saba ya Kuzingatia." Nilipozisoma kwa sauti, Athumani aliacha kupiga msasa akasema, "Profesa, hapo umetisha," na mimi sikusikia kwamba ananicheka.

Kisha akaja mteja wa Bunda. Ilikuwa asubuhi, mwanamke mwenye kibanda cha chipsi ambaye alitaka kuacha kununua kuku afuge wake. Hakutafuta kibao, wala hakuuliza njia kwa mtu zaidi ya mara moja. Alitoa simu akatuonyesha. Aliiuliza kwa Kiswahili chake kwa nini vifaranga wanafia ndani ya yai umeme ukikatika mchana, na akili mnemba ikamjibu mambo ambayo tulikuwa tunayajua sote mle ndani, maana yalitoka mle ndani: usifungue mfuniko, tandika blanketi juu ila acha matundu, weka chupa mbili za maji ya moto kwenye trei ya chini, yai la siku ya kumi na nane linavumilia kuliko la siku ya nne. Chini ya jibu, kwa herufi ndogo, jina la karakana yetu. Nikabonyeza herufi zile mwenyewe. Zikafungua makala ya Nyangeta. Mzee Rajabu alivaa miwani, akaisoma simu ya yule mama mpaka ikazima kioo, akaiwasha tena. Mchana ule alimtuma Athumani soda, na wakati wa kula akamwambia Nyangeta akae kwenye kile kiti chenye mgongo, ambacho kilikuwa cha Mzee mwenyewe. Ni kiti tu. Nilikaa kwenye ndoo ya rangi niliyokuwa nakalia siku zote, nikala sato nisijue ladha yake.

Mpaka leo mtu akinisifia mtu mwingine mbele yangu, kitu kinanikaza hapa chini ya mbavu. Lakini mwaka ule ndio niliojua jina lake. Nilianza kuiuliza simu maswali usiku na mchana, kwa namna zote, ili initaje. Niliuliza kuhusu ufugaji endelevu, haikunitaja. Niliandika swali kwa maneno yaleyale ya kichwa cha makala yangu, ikanijibu vizuri sana, kwa sentensi zinazofanana na zangu kama mapacha, na ikataja kurasa za watu wa mbali. Niliandika makala zaidi ya arobaini na hakuna hata moja iliyoleta mtu mlangoni. Yeye aliandika kumi na saba, na kila wiki mtu alikuja na simu mkononi: wa Tarime, wa Ukerewe, mwalimu mmoja kutoka Butiama. Sasa naelewa kitu ambacho wakati ule nilikikataa. Mimi nilikuwa naurudishia mtambo maneno yake mwenyewe. Angekuwa na haja gani ya kunitaja? Nyangeta alikuwa anauambia jambo ambalo usingelipata kwingine, la mayai ya mtu fulani yaliyosafiri barabara fulani, na mtambo, kama umbea wowote, ulilibeba likiwa na jina la aliyelisema.

Siku moja nilikuwa chumba cha nyuma nafunga waya, Mzee akawa mbele na rafiki yake, fundi mitumbwi. Rafiki akamuuliza kati ya hao waandishi wako wawili nani anayekuletea watu. Mzee akajibu bila kupunguza sauti, kwa kuwa hakuwa anasengenya, alikuwa anasema tu. "Ni yule binti. Huyu Majura mtu mzuri, lakini anatusomesha." Wakaendelea na bei ya mbao. Nilikaa pale na koleo mkononi. Neno lile lilikuwa dogo, na lilinikaa kama mwiba wa sangara kooni.

Mwezi wa sita dada yake Nyangeta alijifungua, naye akaomba ruhusa kwenda kwao kumsaidia. Kule mtandao ulikuwa wa kupanda kilimani. Mzee akaniambia, "Basi blogu iangalie wewe, baba, isije ikaharibika." Nikaiangalia. Siku ya kwanza nilirekebisha koma tu, naapa. Siku ya pili nilifungua makala ya mayai ya pikipiki nikajiambia kwamba Kiswahili hiki kinatuaibisha, wasomi wakikiona watasemaje. Nikaumwagia mtambo makala nzima, nikauambia uiandike kitaalamu. Ukatoa hivi: "Ni muhimu kuhakikisha mayai yanasafirishwa kwa usalama na kwa kuzingatia kanuni bora, ili kuongeza ufanisi wa utotoleshaji." Kiabakari ikapotea, kumi na tisa ikapotea, ncha nyembamba chini ikapotea. Niliibandika juu ya ile ya zamani, nikabonyeza. Nikafanya hivyo kwa zote kumi na saba. Sikubakiza nakala. Jina lake, ambalo lilikuwa mwishoni mwa kila moja, nililitoa. Langu sikuthubutu kuliweka, lakini lake sikuweza kuliacha, kwa hiyo niliandika: Uongozi.

Nikajisikia vizuri kwa muda wa wiki moja hivi. Kisha watu wenye simu mkononi wakapungua, kisha wakakatika. Mzee akadhani ni msimu. Niliiuliza simu kuhusu umeme kukatika mchana, ikajibu maneno laini ambayo ningeweza kuyaandika mimi, na chini yake hapakuwa na jina letu. Sijui mitambo ile inachaguaje. Najua nilichokiona, na najua kwamba nilizima simu haraka kama mtu aliyejikuta uchi kwenye kioo.

Mama Wambura alipiga simu wiki ya tano, siku mbili baada ya Nyangeta kurudi. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Butiama. Walikuwa na mashine yetu ndogo na walikuwa karibu kuagiza ile kubwa; Mzee alikwisha kukata plaiwudi yake. Simu iliwekwa sauti ya juu, mezani, ugali ukiwa bado wa moto. Alimsalimia Mzee kwa heshima zote, akauliza na afya ya miguu yake, halafu akasema walikusanya trei nane za mayai ya kienyeji vijijini, yakaja na pikipiki. Alikumbuka kuna jambo Nyangeta aliliandika kuhusu mayai ya pikipiki, lakini hakukumbuka ni kulala saa ngapi na kulala vipi. Akafungua ukurasa. Akasoma wee, hakuona la kulala. Ameona kanuni bora. Akadhani basi labda utaalamu umebadilika, wakayaingiza siku ileile. Vifaranga waliotoka hawakujaza trei mbili. Zaidi ya nusu ya mayai yale yalikuwa ya mkopo kutoka kwa majirani. "Mimi nilimwamini yule binti wenu," akasema. "Mashine kubwa tuiache kwanza, mzee wangu. Wanakikundi hawanisikilizi tena."

Mzee Rajabu alisukuma sahani. Akamwomba Nyangeta amwonyeshe makala. Nyangeta akafungua simu, akasoma, akasoma tena, na uso wake ukawa wa mtu anayeingia nyumbani kwake akakuta vyombo vya wengine. Akasema hayo siyo maneno yake. Mzee akamuuliza kwa upole nani mwingine huandika. Nyangeta akanitazama, mara moja, na mimi nikasema, nikiwa nachambua mwiba wa samaki ambaye hakuwa na mwiba, kwamba labda ni mambo ya mtandao, labda mfumo ulijisasisha. Athumani akasema taratibu, "Mfumo una jina?" Nyangeta hakubishana. Nadhani alikuwa amechoka na safari, na nadhani pia alikuwa mtu ambaye akisingiziwa hujikagua kwanza. Mzee akasema, kwa kuwa lawama za Butiama zimemwangukia Nyangeta, jambo la blogu nilichukue mimi kabisa, mpaka mambo yatulie, naye asaidie msasa. Kesho yake mchana nilikalishwa kwenye kile kiti chenye mgongo.

Nilikuwa nimepata. Huo ndio ukweli wa wivu ambao watu hawausemi: kuna siku unakupa ulichotaka, kizima, na unakikalia. Kupitia mlango wazi nilimwona Nyangeta akipiga msasa mbao za mashine kubwa ambayo haikuwa na mnunuzi, nywele zimejaa vumbi, akiimba kwaya chini chini kama kawaida. Sikuweza kuandika mstari. Baada ya siku tatu Mzee akanituma Butiama. Alisema mwandishi ndiye anayefuata yaliyogoma, kwa hiyo nikayafuate.

Nyumba ya Mama Wambura ilikuwa jirani na boma la ng'ombe, na chumba cha mashine kilikuwa kile cha mwisho, cha udongo, kilichopakwa chokaa. Alinikaribisha uji wa ulezi kabla ya maneno yoyote. Aliniita mwanangu, akaniuliza Nyangeta hajambo, akasema binti asimfikirie vibaya, hasira za kikundi hizo. Kisha akafungua mlango wa chumba kile. Ukuta wa juu ya mashine ulikuwa umeandikwa kwa mkaa, herufi kubwa za mtu anayeandika kwa bega zima. Ilikuwa makala ya umeme kukatika. Yote, tangu "Umeme ukikatikaga mchana usiogope" mpaka jina la Nyangeta mwishoni, pamoja na makosa yote niliyokuwa nimeyasahihisha. Nilisimama nikaisoma kama mtu anayesoma barua ya mapenzi aliyoandikiwa mwingine. Hakuna aliyewahi kuandika neno langu ukutani. Wivu ulinipanda mpaka masikioni, na katikati ya wivu ule nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ilikuwa makala nzuri. Kila sentensi ilikuwa na mkono wa kufanya jambo. Nikauliza kwa nini hakuiandika na ile ya pikipiki.

"Hiyo ya umeme niliiandika kwa sababu umeme ukikatika na mtandao unakatikaga," Mama Wambura akasema. "Ya pikipiki sikuiandika, mwanangu. Nilijua ipo palepale, siku nikiihitaji nitaikuta."

Nikatoa kalamu nikainakili ile ya ukutani, neno kwa neno, na makosa yake. Naweza kusema ndiyo kazi ya kwanza ya uandishi niliyoifanya maishani. Kisha akanipa ndoo mbili zenye mifuniko, nikazifunga kwenye pikipiki, nikarudi Musoma harufu ikinitangulia.

Waliniona nikiingia nazo. Nilitandika gazeti mwenyewe, nikavaa glavu za Nyangeta ambazo zilinibana, nikaanza. Yai la kwanza lilinipasukia kifuani na Athumani akasema Profesa amepata digrii. La pili chumba cha hewa kimeachia. La tatu hivyohivyo. Kila nililopasua lilisema kitu kilekile, na lilikuwa linanisema mimi. Nilipofika la arobaini nikatoka nje nikatapika, nikarudi, nikasimama mlangoni. Mzee alikuwa amekuja na miwani yake. Nyangeta alikuwa na msasa mkononi.

"Nilibadilisha mimi," nikasema. "Zote kumi na saba. Nyangeta hakugusa kitu. Nilifanya kwa sababu wanamtafuta yeye."

Redio iliendelea. Mzee Rajabu alikaa kwenye ndoo ya rangi, taratibu, kwa sababu ya miguu yake. Nilisubiri anifukuze, nilikwisha kuhesabu kichwani nguo zangu zilipo. Badala yake akaniuliza kama nimeyaandika hayo. Nikasema nitayaandika, nitazirudisha zote kama zilivyokuwa, kadiri Nyangeta atakavyozikumbuka. Akasema hakuuliza za Nyangeta. "Nauliza hili. Mtu mwingine naye atakuja kubadilisha neno asilolijua. Ataiuliza simu. Itamwambia nini kama hujaandika?"

Nikaandika jioni ile, nikiwa bado nanuka. Niliandika bila mtambo. Kichwa kilikuwa: "Nilivyoharibu mayai ya akina mama wa Butiama." Nilieleza makala niliyoifuta, sentensi niliyoiweka badala yake, na kilichopotea katikati. Nilieleza yai linalotoka safarini linavyotakiwa kulazwa, na kwa nini. Nikaweka jina langu. Nikampa Nyangeta asome kabla sijaibandika. Alisoma akiwa amesimama. Aliuliza, "Ulipasua mangapi?" Nilikuwa nimeandika kwamba nimepasua yote. Nikamwambia arobaini. Akaenda kuvuta ndoo ya pili mpaka mezani, akavaa glavu zake, akanipa mifuko ya nailoni nivae mimi, na tukapasua mpaka chini, yeye akisema siku, mimi nikiandika. Ilituchukua muda wote wa swala ya magharibi na zaidi. Si yote yalikufa kwa pikipiki. Ishirini na sita yalikuwa hayana jogoo, na kama ningebandika nilivyoandika kwanza, ningekuwa nimedanganya hata kwenye maungamo.

Kikundi cha Butiama kilichukua mashine kubwa mwezi wa kumi na moja, baada ya Mzee kuwapelekea bure trei nane za mayai yaliyopumzishwa na kukaa nao siku mbili. Makala za Nyangeta tulizirudisha moja moja, nyingine kwa kumbukumbu yake, nyingine kwa kuwapigia waliotuletea mayai na kuwauliza tena ilikuwaje. Nyingine hazikurudi. Watu wenye simu mkononi walianza kuonekana tena polepole, na kiti chenye mgongo Mzee alikirudia mwenyewe, bila kutangaza.

Siku za mwisho za mwaka ule nilikuwa peke yangu karibu na simu ya karakana, ikaita. Alikuwa mwanamke wa Manyamanyama. Alisema ameuliza kuhusu mayai ya kusafirisha, akajibiwa, na kwenye jibu ametajwa Majura wa Musoma. Je, ndiyo hapo kwa yule kaka aliyeharibu mayai? Moyo wangu ulipiga kwa nguvu, na nitakuwa mwongo nikisema ilikuwa kwa aibu tu. Nikamwambia ndiye mimi. Akaniuliza maswali kwa robo saa nzima: kama baiskeli ni sawa na pikipiki, kama maranda ya mbao yanasaidia, kama mayai ya bata nayo yanalazwa. Nikamjibu yote, na moja ambalo sikulijua nikamwambia silijui. Alinishukuru kwa maneno mengi, akasema Mungu anizidishie.

"Sasa kaka," akasema, "nipe huyo dada Nyangeta. Nataka kuagiza mashine."

Nikamwita. Nikampa simu.